Wifi, Twiga na Wanaume Wawili Walionuna

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Unaweza ukajaribu, ukalibana kidevuni na kunyoosha mikono mpaka mabega yakuume, lakini ncha moja itagusa sakafu tu, na kwetu chumba cha kufulia shuka lililogusa sakafu linarudi kwenye maji. Ndiyo maana kazi ile hufanywa na watu wawili wawili. Huyu anashika ncha zake mbili, mwenzake zake mbili, mnavuta, mnalikung'uta mara moja hewani makunyanzi yatoke, mnaunganisha ncha, halafu mnatembea kukutana. Mkikutana vidole vinagusana. Mmoja anamkabidhi mwenzake ncha zote, anainama kushika pale chini lilipojikunja, mnarudi nyuma tena. Hivyo hivyo kutwa nzima. Mtu akisimama mlangoni bila kujua kazi yetu, anaweza kudhani ni watu wanaoamkiana wasioisha kusalimiana.

Mimi sikuwa mkunjaji. Kiti changu kilikuwa dirishani, na cherehani, nikitia viraka mashuka yaliyochanika na kurudishia vifungo vya makoti ya madaktari. Lakini kutoka pale nilimwona wifi yangu siku nzima, na ndiye ninayetaka kumwandika. Sijui kama kuna mtu mwingine atakayemwandika, na mimi namshukuru Mungu kila siku kwamba kaka yangu alimwona akamleta kwetu.

Wifi ni mfupi. Kaka alipokuja naye nyumbani mara ya kwanza, alisimama mlangoni, mama akamwuliza, "Si ulisema unaleta mgeni?" Sauti ikatoka nyuma ya mgongo wa kaka: "Niko hapa mama, namsubiri anipishe." Mama alicheka mpaka akakaa. Alimpenda kuanzia siku ile, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akimwita "mgeni wangu."

Kaka alikuwa fundi baiskeli, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa anaweza kumfungia mteja gurudumu huku akimchekesha mpaka mteja akasahau kuwa amecheleweshwa. Wifi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na kipaji cha kuiga. Alikuwa akisikiliza maneno ya mumewe asubuhi, akija kazini anayarudia kwa sauti ile ile, na mkono kiunoni vile vile, nasi tunacheka kana kwamba kaka yumo humo ndani na spana yake.

Kazi hii alifundishwa na mwanamke mmoja mrefu kuliko wanaume wote wa pale, ambaye kila mtu alimwita Twiga, msimamizi naye akiwemo. Siku za mwanzo shuka lao lilikaa kama paa la banda, upande mmoja juu, upande mwingine chini. Watu wakawacheka. Miaka ikapita, Twiga akazoea kulegeza magoti kidogo, wifi akazoea kuinua visigino, na shuka likanyooka. Ukiwauliza hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anafanya hivyo. Walikunja pamoja tangu watoto wao wakiwa mgongoni mpaka watoto wao wakapata wa kwao. Wifi alipopata homa ya uzazi, Twiga ndiye aliyemnyonyesha mtoto pamoja na wa kwake. Mambo kama hayo hayalipwi.

Kisha kaka akaugua mapafu.

Alilazwa wodi ya wanaume, ghorofani, karibu juu ya vichwa vyetu kabisa. Wifi alikuwa akipanda ngazi kila akipata nafasi, anakaa naye kidogo, anateremka, anashika shuka. Asubuhi moja alipanda akamkuta ameketi kitandani, anakunywa uji mwenyewe. Akateremka uso umemnawiri. Nilimwona akimsimulia Twiga jambo, mabega yanacheza, wote wawili wanacheka na shuka liko katikati yao. Nilikuwa mbali kidogo, cherehani inapiga kelele, sikusikia neno. Nikacheka tu kwa kuwaona wao wanacheka.

Katikati ya kicheko kile, mfanyakazi wa toroli alileta mashuka machafu kutoka juu. Akamnong'oneza Twiga kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani amefariki, amefariki ghafla, na nesi ameomba mke asiambiwe kwanza mpaka wamtengeneze marehemu vizuri. Twiga akamwitikia kwa kichwa. Akaendelea kukunja. Wifi akaendelea kucheka. Walikunja rundo lote lililokuwa mezani, na lilipokwisha ndipo Twiga akamshika mkono akamwambia, "Njoo tupande juu."

Hayo ya kunong'onezwa tuliyajua baadaye, baada ya maziko. Mfanyakazi wa toroli alikuja kutupa pole, na kwa wema tu akasema, "Nilimwambia Twiga palepale, sikutaka kuchelewesha." Hakujua anachokisema. Wifi alikuwa amekaa sakafuni, akanyanyua uso. 

Baadaye tukiwa wawili chumbani aliniambia, "Aliniacha nicheke. Mume wangu amefunikwa shuka, mimi niko chini naonyesha meno. Na yeye anajua. Ananitazama nacheka, na anajua."

Twiga alikuja nyumbani siku moja kutaka kueleza. Wifi akanyanyua kiganja, hivi, kama mtu anayesimamisha gari. Twiga akageuka akaondoka, na kwa kuwa naye ana moyo wake, hakurudi tena.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Msimamizi hakutaka kusikia habari ya kuwatenganisha. "Hawa ndio mikono yangu miwili," alisema, "siwezi kukata mmoja." Basi wakaendelea kukunja pamoja bila kusemeshana, huku vidole vyao vinagusana kutwa nzima. Na kila lililohitaji kusemwa lilipitia dirishani kwangu.

"Wifi," atasema wifi yangu, huku Twiga amesimama mbele yake pua kwa kifua, "mwambie mwenzako hii si kamba ya ng'ombe. Avute polepole."

"Dada," atasema Twiga, "mwambie wifi yako asiyevuta ni nani."

"Nimeshawaambia wote," nitasema, "na wote mmesikia. Mniache nitie uzi."

Wenzetu walikuwa wakicheka chinichini. Hata mimi mara nyingine nilicheka. Tena cha ajabu, mashuka ya siku zile yalinyooka kuliko yote yaliyowahi kutoka mikononi mwao, kwa sababu kila mmoja alivuta kwa hasira. Manesi walikuja kutusifu. Lakini jioni, tukitembea kurudi nyumbani, wifi alikuwa kimya. Hakuiga mtu tena. Mtu aliyekuwa akimsikiliza maneno yake hayupo, na mtu aliyekuwa akimwigia hayupo vilevile ingawa anamwona kila siku.

Marehemu alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Nilikuwa na haki ya kumkasirikia Twiga nikitaka. Niliitafuta moyoni hasira hiyo, sikuiona. Nilimwambia Mungu asubuhi na mapema, kabla ya kuwasha jiko, kwamba mimi sina elimu ya kupatanisha watu, nimeishia darasa la saba, nikifungua mdomo naharibu. Basi Yeye afanye mwenyewe kwa njia anayoijua. Nikaacha hapo. Nikawa nasema maneno hayo hayo kila asubuhi, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia.

Ndipo msimamizi akatutangazia kwamba Twiga anastaafu mwisho wa mwezi. Miguu ilikuwa inamvimba, kazi ya kusimama imemshinda. Angehamia kwa binti yake, mbali, safari ya kulala njiani, na sisi tunaomjua tulijua kwamba akienda ameenda. Hakuwa na ndugu tena mjini kwetu wa kumrudisha.

Wifi aliposikia hakusimama hata kidogo. Aliunganisha ncha, akatembea, akakabidhi, akainama.

Jioni njiani nikamwuliza, "Ataondoka hivi hivi?"

"Aende salama."

"Wifi."

"Nimesema aende salama. Hiyo si dua?"

"Ni dua. Lakini umeisema kama unafukuza kuku."

 Nilichokiogopa si Twiga kuondoka. Niliogopa kwamba akishaondoka, jambo lile litabaki kwa wifi peke yake, hana wa kumtupia, atazeeka nalo. Nilikuwa nimeshamzika kaka. Sikutaka kumpoteza na mke wake ningali naishi naye nyumba moja.

Ilikuwa katika wiki zile za mwisho alipokuja mpiga picha.

Alikuwa mwanamke kijana kutoka nchi ya mbali, nywele zimekatwa fupi kama za mvulana, viatu kama vya fundi mwashi. Msimamizi alimleta akasema ana ruhusa ya hospitali, ila wagonjwa hawapigwi. Kazi yake ni kuzunguka dunia akipiga picha za watu wanaokunja vitu: mashuka, mahema, maturubai, vitambaa vya meza. Tulitazamana. Mmoja wetu akauliza kama kwao hakuna kazi. Lugha yetu aliiongea kwa kuipapasa, kama mtu anayetafuta swichi gizani, lakini aliipata, na akicheka alicheka pamoja nasi bila kuona haya.

Asubuhi ile hakutoa kamera. Alisukuma toroli, akajaribu kukunja akalowesha viatu, akaketi karibu na cherehani yangu akaniuliza majina ya vitu. Wenzetu walikuwa wameshajipaka mafuta usoni, wakabaki wanang'aa bure.

"Mimi asinipige," wifi aliniambia. "Nitatokea paji la uso tu."

Twiga, upande wa pili wa shuka, akauambia ukuta, "Na wengine tutatokea bila vichwa."

Nilimwona wifi akiuma mdomo ili asicheke. Akaudhibiti.

Wakati wa chai, mpiga picha akafungua mkoba akatoa bahasha nene ya picha zilizosafishwa. Akasema hapendi kumpiga mtu picha kabla mtu huyo hajaona anakwenda kuwekwa na akina nani. "Hawa," akasema, akatafuta neno, "hawa ni majirani zenu. Ndani ya kazi yangu."

Tukafuta mikono, tukazipokea. Zilipita mkono kwa mkono juu ya meza ya kukunjia.

Kulikuwa na bibi mmoja juu ya paa la nyumba ndefu, mji umesongamana nyuma yake, amelibana shuka kidevuni na kufumba macho kwa ajili ya jua. Wifi aliishika ile muda mrefu. "Huyu mwenzake hakuja leo," akasema. "Jioni shingo itamuuma." Kulikuwa na wanaume wanakunja hema mchangani, wamevaa vilemba, na mmoja yuko mbali kabisa ameshika kiuno anawaelekeza. Sote tukamgeukia msimamizi. Msimamizi akanywa chai yake. Halafu mama na binti yake uani, macho membamba, kuta za mbao, shuka la maua. Mama mdomo wazi, binti amekunja uso.

"Inua, inagusa chini," tukasema watu watatu kwa pamoja.

Mpiga picha akatuuliza tumesema nini. Nikamfafanulia. Akaitazama ile picha yake upya, akasema yeye hakuelewa maneno ya yule mama siku ile, ila anakumbuka kwamba binti aliinua.

Nilijisikia vizuri sana, sijui nielezeje. Mimi sijawahi kutoka mjini kwetu zaidi ya kwenda mazikoni. Nilikuwa nikijua kwamba Mungu ameumba watu wengi, najua kama ninavyojua hesabu. Lakini siku ile niliwaona, wamelowa viwiko kama sisi.

Kisha ikaja picha ya wanaume wawili. Walikuwa kwenye ukumbi wa kulia chakula, mahali pakubwa, madirisha marefu na nje kumejaa theluji. Mmoja mrefu, mmoja mfupi mnene, wote wamevaa shati jeupe na aproni nyeusi. Wameshika kitambaa cha meza cheupe, huyu huku, huyu kule. Mrefu anatazama pembeni. Mfupi anamtazama mrefu.

"Hawa wamenuniana," wifi akasema.

"Wame... nini?" mpiga picha akauliza.

"Hawasemeshani," nikamwambia.

"Tazama kitambaa," wifi akaendelea, akisogeza kidole juu ya picha. "Kimevutwa mpaka kinataka kulia. Watu wenye amani hawavuti hivi."

Twiga alikuwa amesimama nyuma yetu. Kwa urefu wake hahitaji kusukumana na mtu. Akainama kidogo akaangalia. "Wamenuniana kweli," akasema.

Wifi hakugeuka. Akasema, "Kosa ni la mrefu."

"Kwa nini liwe la mrefu?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini taratibu kisilie. Hakuna aliyesema *mwambie mwenzako*.

"Kuna jambo analijua," wifi akasema. "Mtu mwenye jambo ndivyo anavyotazama. Amelificha, na mwenzake anakunja tu kama mjinga."

"Hajalificha."

"Kalificha. Mdomo umefungwa, huoni?"

"Umefungwa kwa sababu hajui aanzie wapi," Twiga akasema. "Ameambiwa sasa hivi, kitambaa kiko mkononi. Akikiachia, kinaanguka. Akisema, mwenzake anaanguka. Afanye nini? Anakunja."

"Aseme."

"Atasema. Anangoja wamalize hiki kimoja."

"Halikuwa moja." Sauti ya wifi ilikuwa imeshuka mpaka karibu na kikombe chake. "Lilikuwa rundo."

Sote pale mezani tulijua ni rundo lipi. Hata wale ambao hawakuwepo siku ile ya kaka walijua.

"Lilikuwa rundo," Twiga akasema. "Kila moja nilisema hili ndilo la mwisho, tukilimaliza hili nitamwambia. Ulikuwa unacheka. Nikasema, Mungu wangu, mwache acheke na hili tu. Halafu na hili. Nikashindwa kuacha. Mimi ndiye niliyeshindwa, wala si nesi aliyenikataza. Nesi ningempuuza."

Maskini mpiga picha alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Aliona kuna jambo, hakujua jambo gani, na nadhani aliogopa kwamba picha yake imetukosea. Akaishika ile picha kwa ncha, kwa upole.

"Samahani," akasema. "Huyu, jino."

"Jino?" msimamizi akauliza.

"Huyu mrefu. Jino." Akajigusa shavu. "Asubuhi aling'olewa. Anauma sana. Hawezi kufungua mdomo. Hawajanuna. Ni marafiki, siku nyingine wanacheka, kelele mpaka jikoni."

"Na huyu mfupi?" nikauliza, maana ilibidi mtu aulize.

"Huyu anamhurumia. Na pia ana njaa. Walikuwa hawajala."

 Kisha nikasikia sauti kama ya birika linaloanza kuchemka, ikitoka kwa wifi. "Jino," akasema. Akarudia, "Jino," na mabega yakaanza kucheza. Twiga akajifunika uso kwa aproni yake ndefu. Wakacheka wale wawili, nasi sote nyuma yao, mpaka wifi akatafuta mahali pa kujishikia akakosa, akamshika Twiga kiwiko. Hakukiachia.

"Nimemsingizia mtoto wa watu," akasema, akifuta macho. "Yuko huko kwenye baridi, hana jino, namsomea mashtaka."

"Mimi nimemtetea," Twiga akasema. "Sijui nimemtetea nini."

Wakacheka tena, lakini kicheko cha wifi kiligeuka katikati, kama mtu anayeteremka ngazi akakuta moja haipo. Akamtazama Twiga juu kule. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike kaka.

"Nilikuwa nacheka nini?" akauliza. "Siku ile. Nakumbuka kucheka tu. Usiku nalala nasikia kicheko changu, lakini nilichokuwa nakicheka sikikumbuki. Nimejaribu."

"Hukumbuki?"

"Nimekwambia nimejaribu."

Twiga akavuta pumzi. "Ulikuwa umetoka juu. Ukasema mumeo ameketi, anakunywa uji, na ameshaanza maneno yake. Amemwita nesi. Amemwambia, 'Dada, nifanyie hisani. Shuka hili limekunjwa na mke wangu, nalijua mikunjo. Usiku mzima naogopa kugeuka nisije nikamharibia, kesho nikaulizwa. Nitafutie lililokunjwa na mke wa mtu mwingine, nipate kulala.'"

Nikamsikia kaka. Mwenyezi Mungu shahidi yangu, nilimsikia, katika mdomo wa Twiga, maneno aliyoyasema na mimi niko chini ya miguu yake natia viraka na sikujua.

"Uliiga yote," Twiga akasema. "Mpaka kikohozi. Ukarudia mara ya pili nilipokuomba. Toroli lilikuja ukiwa unarudia."

Wifi alikaa. Alilia pale kwenye benchi, mkono mmoja bado umeshika kiwiko, kwa hiyo Twiga naye akalazimika kukaa, magoti yake yakafika karibu na meza.

"Kumbe nilikuwa nacheka maneno yake," wifi akasema.

"Ya kwake. Yote."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," wifi akasema.

Msimamizi akakohoa akatoka nje kwenda kuangalia kamba za kuanikia, ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Mpiga picha alikuwa ameshaelewa vya kutosha. Kamera ilikuwa mkobani, karibu na mguu wake, na mkono wake haukuishikilia. Aliketi tu akalia kidogo pamoja nasi. Nampenda kwa hilo. Nimemtaja kwa Mungu mara nyingi kwa sababu ya mkono ule uliotulia.

Mchana aliwapiga picha wanakunja. Ilibidi warudie mara kadhaa, maana shuka lilikuwa limelegea. Walikuwa wanaongea. Miezi na miezi ya maneno yaliyokuwa yamefungwa ilitoka yote siku ile: nani kaoa, nani kamwacha nani, binti wa Twiga, bei ya sabuni, nesi yule mpya anayetembea kama anakanyaga mayai. Shuka likawa linaning'inia katikati kama tumbo la mbuzi. Msimamizi akalalamika kwamba mashuka ya juzi yalikuwa bora.

"Unataka tununiane tena?" wifi akamwuliza.

"Nataka yanyooke."

"Basi chagua."

Akaenda zake.

Wiki zilizobaki Twiga alikula kwetu kila jioni. Nilikuwa nawaacha wawili jikoni nalala, nasikia wanacheka, najigeuza upande wa pili nashukuru. Siku ya kuondoka tulimsindikiza kituo cha basi, wifi amebeba begi dogo, maana kubwa lilikuwa refu kuliko yeye. Hawakusema makubwa. Wifi alimwambia avae soksi, miguu isipate baridi njiani. Twiga akamwambia ale. Basi lilipoanza kutembea Twiga alitoa kichwa dirishani akaiga sauti ya kaka, vibaya kabisa, hana kipaji hicho, lakini wifi aliielewa na akainama pale pale kando ya barabara kwa kucheka.

Sasa hupigiana simu. Simu ya kwanza ni kuulizana hali, ya pili ni kusema lililosahauliwa katika ile ya kwanza. Wifi ana mwenzake mpya, mwanamke wa kimo cha kawaida tu, na mpaka leo akishika ncha zake huinua visigino bila kujua. Nimemwona. Sijamwambia.

Picha yao ilitufikia baadaye, imefungwa vizuri kwa katoni. Twiga ametoka na kichwa chote. Wifi ametoka mzima, mdomo wazi, katikati ya neno. Shuka limelegea, na nyuma kabisa, dirishani, niko mimi na miwani puani, nawatazama badala ya kutazama kazi. Tumeitundika sebuleni, karibu na ya kaka. Mpiga picha alisema nakala nyingine imo ndani ya bahasha yake, na popote anapokwenda anawaonyesha watu wa huko, wafue nguo au wakunje mahema. Huwa nafikiri juu ya hilo. Kwamba saa hii, mahali nisipopajua jina, kuna wanawake wamefuta mikono, wamemshika wifi yangu kwa ncha, wanabishana anasema nini. Labda wanamkosea. Haidhuru. Wamwangalie tu.

Na mimi, katika sala zangu za asubuhi, nikishamaliza watu wangu, walio hai na waliotangulia, naongeza bibi wa paani, mama na binti yake, na wale wanaume wawili wa kwenye theluji. Wifi alinisikia siku moja, nilikuwa nimesahau kushusha sauti.

"Yule mrefu bado unamwombea?"

"Bado."

"Unamwombea nini?"

"Jino."

"Limeshapona zamani hilo, wifi."

"Basi," nikamwambia, "namwombea yaliyobaki."